Ushauri wa Malezi Ukija na Mstari wa Biblia, Bado Uchunguze

Wiki iliyopita mama mmoja wa Makambako alinitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Binti yake ana miaka 7 na bado anakojoa kitandani. Kwenye kikundi chao cha maombi ameelekezwa amfungishe mtoto siku tatu, kisha amchape kila asubuhi atakapokuta shuka limelowa, kwa kuwa Mithali 23:13 inasema, "Usimnyime mtoto wako mapigo." Akauliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia: "Dada yangu, nikikataa nitakuwa nimempinga Mungu?"

Nimeshamjibu. Lakini nataka akina mama wengine walisikie jibu hilo, kwa sababu swali lake nimelipitia mwenyewe hapa hapa Uyole.

Mwanangu wa pili alikojoa kitandani mpaka alipokaribia kuingia darasa la tatu. Sasa yuko kidato cha pili, na ameniruhusu niandike mradi nisimtaje jina. Anayeijua Uyole ya Juni na Julai anaelewa tulivyohangaika. Godoro unalianika asubuhi, jioni katikati bado ni bichi, na baridi imeshaanza kushuka hujaliingiza ndani. Mashuka nilikuwa nayakausha kwenye kiti kando ya jiko la mkaa. Ikafika mahali mtoto akawa anaamka kabla yetu, anatandua shuka gizani, analikunja na kulificha nyuma ya ndoo bafuni, kisha anarudi kujilaza kwenye godoro lililolowa akiwa amevaa sweta la shule. Kumbe alikuwa anadhani sijui.

Nikatafuta ushauri kwa wapendwa. Kanisa tulilokuwa tukisali wakati huo lilileta semina ya malezi, na mwalimu wa semina akafundisha kwamba kukojoa kitandani ni roho ya ukoo, hivyo watoto wenye shida hiyo waletwe mbele Jumapili waombewe. Nilikataa. Nilisema mwanangu hatasimamishwa mbele ya watoto anaosoma nao, atangaziwe mkojo wake kwenye kipaza sauti. Nikaambiwa nina kiburi, nampenda mtoto kuliko Bwana. Nilipojifungua mdogo wake, akina mama wa kikundi ambacho nilikipikia kwenye misiba na harusi zao hawakuja hata kunipa pole ya uzazi. Nimewasamehe. Ila iliniuma, na mpaka leo nikipita mtaa ule inaniuma.

Aliyetusaidia ni mama mkwe wangu kule Tukuyu, Mmoravian wa tangu utoto, ambaye hajawahi kukaa kwenye semina ya malezi hata moja. Alinisikiliza huku anachambua maharage, akaniambia, "Mwanangu, baba yao huyo alikojoa mpaka darasa la nne. Usingizi wake ulikuwa mzito tu. Mpelekeni hospitali wamtazame. Na wewe mwombee usiku akiwa amelala, si lazima ajue."

Hospitali walipima mkojo, ukawa salama. Daktari akauliza jambo ambalo hakuna mwombaji aliyeliuliza: mtoto anapata choo? Alikuwa anapata kwa shida, choo kigumu, na daktari alitueleza kwamba choo kikijaa kinakandamiza kibofu. Akatuambia pia kwamba shida hii huwapata zaidi wavulana, mara nyingi hutembea kwenye familia, na mtoto hukojoa akiwa usingizini bila kukusudia. Basi tukaongeza maji ya mchana, mboga na mapapai, chai ya usiku tukaisogeza jioni mapema, na nyumbani nikapiga marufuku mtu yeyote kumwita kikojozi. Ilichukua muda. Ikapungua, halafu ikaisha.

Msinielewe kwamba nadharau maombi. Niliomba sana. Ninachosema ni kwamba mtu kukufungulia Biblia hakumfanyi awe amesema neno la Mungu juu ya mtoto wako. Marafiki wa Ayubu walizungumza kwa heshima zote juu ya Mungu, sura baada ya sura, na mwishoni Mungu aliwakasirikia kwa sababu hawakunena yaliyo sawa. Na Waberoya, kwenye Matendo 17:11, waliyachunguza maandiko kila siku waone kama aliyohubiri Paulo ndivyo yalivyo, nao wanasifiwa kwa hilo. Ikiwa Paulo alichunguzwa, mwalimu wa semina ni nani?

Kwa hiyo chunguzeni, mama zangu. Huo mstari wa fimbo usomeni pamoja na Mithali 22:15, ambako fimbo inatajwa kwa habari ya ujinga ulio moyoni mwa mtoto. Mtoto aliyelala ana ujinga gani wa kufukuzwa? Halafu someni Waefeso 6:4, ambako Paulo anawakataza akina baba kuwachokoza watoto wao. Mbona mstari huo semina nyingi zinaupita haraka? Hata Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu za kikatili na za kumdhalilisha mtoto.

Mwangalieni na mshauri. Amelea? Wanawe wakubwa wanakuja kumwona, au wanamkimbia? Anawajua watoto wenu, au anawarudishia aliyoyasoma kwenye kitabu kilichoandikwa Marekani kwa nyumba ambayo kila mtoto ana chumba chake? Na muangalie mtoto mwenyewe baada ya ushauri huo. Akianza kuwaogopa na kuficha mambo, simamisheni, hata kama aliyewashauri ni mchungaji. Chunguzeni, narudia tena, chunguzeni. Mungu amewapa ninyi hao watoto, na ninyi ndio mtakaoulizwa.

Yule mama wa Makambako nimemwambia ampeleke binti kituo cha afya wiki hii wapime mkojo, na awaeleze kama aliwahi kukaa miezi mingi mkavu kisha akaanza upya. Kama imeanza upya, tena anakunywa maji mengi na anakonda, asisubiri hata siku moja, maana inaweza kuwa kisukari. Fimbo aiweke mbali. Na hao wanaotaka mtoto afungishwe, awajibu kwa upole kwamba wao wafunge, binti atakula chakula chake cha jioni.