Maswali ya Wasomaji: Darasa Linapoandika Wikipedia

Nina wanafunzi 30 na wiki sita. Nataka kila mmoja aandike makala yake ya Wikipedia badala ya insha ya kawaida. Nianzie wapi?

Usianze na makala mpya. Mwanafunzi asiyewahi kuhariri hata sentensi moja akiambiwa aanzishe ukurasa, huchagua mada ambayo haijaandikwa popote, na ukurasa hufutwa kwa kukosa vyanzo. Tafuta makala zilizopo ambazo bado ni fupi. Wikipedia ya Kiswahili huziita "mbegu", na chini ya ukurasa utakuta kigezo (ujumbe uliotayarishwa mapema na kubandikwa kwenye kurasa) kinachosema hivyo. Weka wanafunzi watatu watatu, upate makala kumi. Kabla hujakubali mada yoyote, kila kundi likuletee vyanzo viwili mkononi, vilivyoandikwa na watu wasiohusika na mada: tovuti ya kampuni si chanzo huru kuhusu kampuni hiyo. Wasipovipata, badilisha mada siku hiyohiyo.

Wiki ya kwanza wasome tu, wakifungua pia kurasa za historia na majadiliano, maana humo ndimo makala inapopikwa. Ya pili, kila mmoja atafute sentensi moja isiyo na chanzo na kuiwekea tanbihi. Ya tatu na ya nne waandike kwenye ukurasa wa mazoezi ulio chini ya akaunti zao. Ya tano wasomeane. Ya sita ndipo wahamishie kazi kwenye makala, aya moja moja, kila mara wakijaza muhtasari wa kilichobadilishwa. Aya moja ikiwa na kosa, mhariri atagusa hiyo hiyo tu. Ukibandika kurasa tatu kwa mkupuo na tatizo likawa katika aya ya pili, jambo rahisi kwake ni kuondoa zote.

Siku ya kwanza maabara ya kompyuta, wanafunzi sita walifungua akaunti vizuri. Wa saba alikataliwa, na waliofuata pia. Je, tutumie akaunti moja ya darasa?

Hapana, akaunti ni ya mtu mmoja. Akaunti ya pamoja huweza kuzuiwa, na hata isipozuiwa hutajua nani aliandika nini.

Kilichowakwamisha ni kikomo: anwani moja ya IP (namba inayotambulisha mtandao mnaotumia) inaruhusiwa kufungua akaunti sita kwa saa 24, na maabara nzima kwa kawaida huonekana mtandaoni kama anwani moja. Njia nyepesi ni wanafunzi kufungua akaunti wakiwa nyumbani, wiki moja kabla, kwa data ya simu. Njia ya pili ni kuomba mapema kikomo kilegezwe kwa anwani yenu na kwa siku mnayoitaka. Ombi la asubuhi ya somo halitafaa kitu. Baadhi ya wahariri pia wana haki ya kufungulia wengine akaunti bila kubanwa na kikomo hicho.

Kufungua mapema kuna faida nyingine. Katika Wikipedia ya Kiingereza, akaunti haiwezi kuanzisha makala moja kwa moja mpaka itimize siku nne na mabadiliko kumi. Na wakatazeni kutumia VPN (huduma inayoficha anwani halisi ya mtandao), kwa kuwa anwani zake nyingi zimezuiwa kuhariri. Majina ya akaunti yasiwe majina yao halisi: historia ya ukurasa haifutiki kirahisi, na kijana wa miaka 15 hajui atajutia nini akifika 25.

Kiswahili chao ni kizuri, lakini kila mara makala zao hubandikwa kigezo kwamba hazina mtindo wa kamusi elezo. Tatizo ni nini?

Tatizo ni insha yenyewe. Shuleni tunawafundisha kuvutia, kushawishi na kuhitimisha. Kamusi elezo haitaki hata kimoja kati ya hivyo. Tazama mwanzo huu:

*Kipepeo ni mdudu mrembo sana ambaye tangu enzi na enzi amependwa na watu wote duniani.*

Ondoa "mrembo sana", maana ni maoni. Ondoa "tangu enzi na enzi" na "watu wote", kwa kuwa hakuna chanzo kitakachoyathibitisha. Kimebaki nini? "Kipepeo ni mdudu." Sasa jaza kwa kinachopimika:

*Kipepeo ni mdudu mwenye mabawa manne yaliyofunikwa na vigamba vidogo sana. Hupitia hatua nne za maisha: yai, kiwavi, bundo na mdudu kamili.*

Kisha tanbihi, mara tu baada ya nukta: `<ref>Mwandishi, Jina la kitabu, mwaka, uk. 42</ref>`. Namba ya ukurasa isisahaulike. Chanzo cha kurasa 400 bila ukurasa hakimsaidii anayetaka kuhakiki. Kosa la kila siku ni kusahau mkwaju (/) katika `</ref>` ya mwisho: maneno yanayofuata huweza kumezwa ndani ya tanbihi, na ujumbe wa kosa hutokea. Mwanafunzi hudhani ameharibu Wikipedia. Arudi "Hariri chanzo", aongeze mkwaju, basi.

Zoezi linalonoga darasani: wape aya moja na kalamu nyekundu, wakate kila neno ambalo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kubishania. Kinachosalia huwa kifupi kuliko walivyotarajia, na hapo ndipo wanapoelewa kwa nini unawasumbua na vyanzo.

Je, wanaweza kutafsiri makala ya Kiingereza, au kuiachia akili mnemba iandike rasimu?

Kutafsiri ruksa. Maandishi ya Wikipedia yako chini ya leseni ya Creative Commons BY-SA 4.0, inayodai waandishi wa awali watajwe. Kwa hiyo muhtasari wa badiliko la kwanza useme makala imetafsiriwa kutoka ipi, pamoja na kiungo chake. Zana ya kutafsiri iliyomo ndani ya Wikipedia huliweka hilo yenyewe, na huonya pia mtumiaji akiacha tafsiri ya mashine jinsi ilivyo. Mkinakili msimbo (maandishi ya ndani yanayounda ukurasa) kwa mkono, tarajieni maandishi mekundu yanayoanza na "Kigezo:". Maana yake kigezo hicho hakipo katika Wikipedia ya Kiswahili. Kifuteni na kuandika habari yake kwa maneno ya kawaida.

Rasimu ya akili mnemba ni habari nyingine. Lugha hutoka laini, ila programu hizi hubuni vitabu ambavyo havijawahi kuchapishwa. Kila chanzo kifunguliwe na mwanafunzi mwenyewe. ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) ya tarakimu 13 ina kipimo chake: zidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa kupokezana, jumlisha, jibu lisipogawanyika kwa 10, namba hiyo ni batili. Likigawanyika, bado kitabu kitafutwe. Kama hakuna aliyekisoma, tanbihi iondoke pamoja na sentensi yake.

Nitoe alama vipi ikiwa mtu baki anaweza kufuta kazi ya mwanafunzi usiku mmoja?

Usitoe alama kwa kilichobaki kwenye ukurasa. Mwanafunzi akijua kwamba kufutiwa ni kufeli, atarudisha maandishi yake kila yanapoondolewa. Katika Wikipedia ya Kiingereza, anayezidi kurudisha mara tatu ndani ya saa 24 katika ukurasa mmoja hustahili kuzuiwa.

Sahihisha kupitia ukurasa wa "Michango" ya kila akaunti. Humo kuna kila badiliko, saa yake na ukubwa wake kwa baiti. Baiti zisikudanganye: aliyeongeza 3,000 za maneno matupu amefanya kidogo kuliko aliyeondoa 200 za uongo. Bofya "tofauti" ya badiliko, uone sentensi kabla na baada, kisha fungua chanzo chake. Kwa wanafunzi 30 huwezi kukagua tanbihi zote; chagua mbili kwa kila mmoja, bila kumwambia zipi.

Aliyefutiwa mpe nafasi ya kwenda ukurasa wa majadiliano, aulize sababu kwa adabu na atie sahihi kwa alama nne za mawimbi (~~~~). Swali zuri pale lina alama zake. Na ukurasa ukifutwa kabisa, michango yake haitaonekana tena kwenye orodha hiyo, kwa hiyo kila mmoja abaki na nakala ya rasimu yake kwenye kompyuta.