Beringi za mashine ya kusaga kuchemka

Ndugu, umesema beringi za mashine yako ya mahindi zinachemka hadi hazishikiki, ingawa unazipiga grisi kila asubuhi, na mikanda haimalizi mwezi. Hiyo grisi ya kila asubuhi ndiyo ninayoishuku kwanza. Beringi ikijazwa pomoni, gololi hukoroga grisi tu na joto hupanda.

Zima umeme, funga swichi kuu kwa kufuli. Kama nyumba ya beringi, yaani kasha linaloishika, inafunguka, osha kwa mafuta ya taa, kausha vizuri, kisha weka grisi ya lithiamu namba 2 ijae theluthi moja hadi nusu ya nafasi, basi. Beringi ikikwaruza unapoizungusha kwa mkono, hiyo imekwisha.

Mikanda nayo huenda umeikaza mno. Ibonyeze katikati: kwa kila mita 1 kati ya puli na puli, ishuke kama milimita 16. Ukizidisha, shafti inavutwa upande na beringi inakufa. Ukilegeza, mkanda unateleza na kuungua. Nyoosha uzi kwenye nyuso za puli zote mbili uone kama zimelingana. Mkanda mmoja ukikatika badilisha yote, maana mpya ndio utakaobeba mzigo peke yake.

Kuna mtetemo? Kagua nyundo, vile vyuma vinavyozunguka ndani na kuponda mahindi. Kona ikilika, igeuze. Mafundi wengi huchomelea nyundo moja tu iliyolika, kosa kubwa: zinazokabiliana lazima zilingane uzito, zipime kwenye mizani.