Muhuri wa senti 5 kando ya stempu ya shilingi moja

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Katika kasha la marehemu babu yangu, aliyekuwa karani wa shamba la mkonge, nimekuta barua ya mwaka 1853 iliyotumwa kutoka Liverpool kwenda Boston, Marekani. Ina stempu ya kijani ya shilingi moja yenye kichwa cha Malkia Victoria, lakini pembeni umegongwa muhuri wa "5 CENTS". Je, ni ya kughushi? Rafiki yangu ananishauri niiloweke stempu ibanduke, niiuze peke yake.
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usiiloweke. Muhuri unaokutia shaka ndio unaonipa mimi imani na barua yako, ingawa bila kuiona siwezi kuithibitisha.

Uingereza na Marekani zilitiliana saini mkataba wa posta mwishoni mwa mwaka 1848, na kuanzia mwaka uliofuata barua isiyozidi nusu wakia, yaani gramu 14 hivi, ikatozwa senti 24 za Marekani, ambazo zilihesabiwa sawa na shilingi moja ya Kiingereza. Katika hizo, senti 3 zilikuwa za kuisafirisha ndani ya Uingereza, 16 za baharini na 5 za ndani ya Marekani. Mtumaji wako alilipa zote Liverpool, kwa hiyo posta ya Uingereza ikawa imeshika fedha ambazo sehemu yake ni haki ya Wamarekani. Barua ikipakiwa katika meli yenye mkataba wa kubeba barua na serikali ya Uingereza, kama zile za kampuni ya Cunard, Waingereza walibaki na senti 19 na kudaiwa 5. Ikipakiwa katika meli ya mkataba wa Marekani, walidaiwa 21. Karani aligonga deni hilo juu ya barua yenyewe. Kwa alama moja ndogo, basi, unajua barua yako ilivuka Atlantiki katika meli ya upande gani, na habari hiyo hupotea siku stempu inapobanduliwa na kutenganishwa na barua.

Stempu yenyewe ilitolewa mwaka 1847. Ipitishie kidole taratibu: kichwa cha Malkia kimeinuka, kwa sababu kila stempu ilipigwa chapa peke yake, moja baada ya moja, katika karatasi yenye nyuzi za hariri. Chini ya shingo tazama kwa lenzi herufi W.W., za mchongaji William Wyon. Wengi zamani walizikata stempu hizi kufuata pembe nane za mchoro wake. Yako ikiwa na ukingo pande zote nne, shukuru sana.

Kwa hali ya hewa yetu ya Tanga, adui ni unyevu na wadudu wanaokula karatasi. Usiirudishe kashani, usiibandike gundi wala selotepu, na usiizibe katika mfuko wa nailoni wa dukani. Iweke imelala ndani ya karatasi isiyo na asidi, mahali pakavu pasipofikiwa na jua. Ukitaka kuiuza, anza kwa kupeleka picha za pande zote mbili kwa wataalamu. Royal Philatelic Society London, chama cha wakusanyaji stempu, ina kamati inayokagua stempu na kutoa vyeti vya uhalisi, lakini uliza kwanza gharama zao kabla ya kuituma barua yenyewe.