Chumvi ikitoka, kuna kitu lazima kiingie

Wiki ya kwanza baada ya baba kurudi kutoka hospitali na masharti ya kupunguza chumvi kwa sababu ya moyo, nilimpikia maharage yasiyo na chumvi. Nilipika kama siku zote, ila kopo la chumvi sikuligusa. Alikula vijiko vitatu, akasogeza sahani taratibu, akaniambia, "Asante mwanangu, nimeshiba." Hakuwa ameshiba. Usiku nilimkuta jikoni anakula mkate mkavu, nikajifariji kwamba angalau mkate hauna chumvi. Kumbe unayo, na si kidogo.

Nimekuwa nikimpikia tangu siku hiyo, na kubwa nililojifunza ni hili: ukitoa chumvi bila kubadilisha namna unavyopika, chakula kitamshinda mgonjwa, naye atatafuta ladha kwingine. Tunampa chakula kisicholika halafu tunamlaumu kwa kutofuata masharti. Inaniuma nikikumbuka, kwa sababu mimi mwenyewe nilifanya hivyo.

Sababu ya masharti yenyewe ni nyepesi kuielewa. Sodiamu iliyo ndani ya chumvi hushikilia maji mwilini. Maji yakizidi, damu inayozunguka kwenye mishipa nayo huongezeka, presha hupanda, na moyo hulazimika kusukuma mzigo mkubwa zaidi. Moyo uliokwisha kudhoofika ukielemewa, miguu huvimba na pumzi hukata. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo chumvi ya kila kitu alichokula, si ya sufuriani tu. Mwenye ugonjwa wa moyo afuate kiwango alichopewa na daktari wake.

Kwa hiyo kabla ya kuhangaika na kopo la chumvi, kagua kabati lote. Vidonge vya kutilia ladha kwenye mchuzi, kwa sehemu kubwa, ni chumvi. Kijiko kimoja kikubwa cha sosi ya soya kinaweza kumaliza karibu nusu ya sodiamu ya siku nzima. Soseji, nyama na samaki wa kopo, jibini, mkate, hata zile pakiti za viungo mchanganyiko: geuza usome. Magadi ya kulainishia maharage nayo ni sodiamu, ingawa hayana ladha ya chumvi, kwa hiyo loweka maharage usiku kucha badala yake. Na pakiti ikiandika sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5. Miligramu 400 za sodiamu ni gramu 1 nzima ya chumvi, jambo ambalo ukitazama namba peke yake huwezi kulihisi.

Sasa kupika. Ukiniuliza nianzie wapi, nitasema kitunguu, na nitakuomba subira. Katakata vitunguu maji viwili vipande vyembamba, weka kwenye mafuta kidogo, moto uwe chini ya wastani. Dakika chache za kwanza vitatoa maji na kulainika. Hapo ndipo wengi wetu hutia nyanya. Usitie bado. Viache mpaka vianze kushika chini ya sufuria, nyunyizia maji vijiko viwili, kwangua ule ukoko wa kahawia uchanganyike na vitunguu, kisha viache tena. Rudia hivyo kwa dakika 25 au 30. Vitapungua mpaka vibaki kama theluthi, rangi ya asali iliyoiva, utamu umekolea. Sasa ndiyo utie nyanya, nazo uzikaange mpaka mafuta yapande juu. Nyanya zilizokolea zina ladha nzito ambayo ulimi huipokea kwa namna inayokaribiana na nyama. Uyoga mkavu uliolowekwa una ladha hiyo hiyo, na maji yake usiyamwage, yachuje uyatie kwenye mchuzi.

Viungo vikavu vikaange vikiwa vizima kwenye kikaango kisicho na mafuta. Bizari nyembamba na giligilani zikianza kunukia, epua upesi uzitwange. Bizari iliyokaa kabatini mwaka mzima ikiwa unga haiwezi kukusaidia hapa.

Nyama ipanguse ikauke kabla ya kuikaanga, vipande visibanane, vishike rangi. Ikichemka kwenye maji yake tu, utaitamani chumvi.

Halafu ndimu. Uchachu huushtua ulimi karibu na chumvi inavyofanya, lakini utie mwishoni, sufuria ikishaepuliwa, kwa sababu moto huififisha harufu yake. Siki kidogo hufanya kazi hiyo hiyo kwenye maharage na dengu. Mboga za majani zina shida yake: chumvi huficha uchungu, kwa hiyo ukiiondoa uchungu hujitokeza. Mimi huzichanganya na vile vitunguu vitamu na tangawizi mbichi.

Na kama daktari ameruhusu chumvi kidogo, usiitie kwenye maji ya kuchemshia. Pima ya siku asubuhi, weka kwenye kibakuli, unyunyizie juu ya chakula wakati wa kupakua. Punje zikikutana na ulimi moja kwa moja husikika zaidi kuliko zilizoyeyuka ndani ya sufuria nzima.

Ndugu mmoja alituletea chumvi mbadala kwa nia njema. Nyingi ya hizo zina kloridi ya potasiamu, yaani potasiamu badala ya sodiamu. Kwa mwenye figo dhaifu, au anayetumia baadhi ya dawa za presha na moyo, potasiamu inaweza kupanda hadi kuhatarisha mapigo ya moyo. Baba alikuwa kwenye dawa za namna hiyo. Daktari alipoiona akatuambia tuiache siku hiyo hiyo. Tafadhali, usiinunue kabla hujauliza.

Wiki tatu za mwanzo zilikuwa ngumu, siwezi kukuficha. Baadaye ulimi wake ukazoea. Maharage yale yale sasa nayapika kwa vitunguu vya kahawia, kitunguu saumu, bizari ya kukaanga na pilipili mbichi nzima inayoelea juu. Kipande cha ndimu namwekea pembeni ya sahani, anakamua mwenyewe.