Miaka sita baada ya kuanza keto Mikindani: kilichobaki

Watu wakiniona sokoni huniuliza, "Mwalimu, ulikunywa dawa gani?" Sikunywa dawa yoyote ya kupungua. Nina kisukari, na Julai 2018 nilianza mlo wa keto: niliacha ugali wa muhogo, wali, chapati na chai ya sukari. Nilikuwa na kilo 94, na kile kipimo cha sukari ya miezi 3, HbA1c, kilisoma asilimia 8.9. Mpaka nilipopima mwaka 2024 nilikuwa na kilo 81 na HbA1c ya 6.5. Katikati hapo pana mambo mengi ambayo picha za "kabla na baada" hazionyeshi, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza ndugu zangu wanaotaka kuanza.

Keto kamili ni kula wanga chini ya gramu 50 kwa siku, wengine hushuka mpaka 20. Sahani ya kawaida ya wali peke yake inapita 80. Mwili ukikosa wanga, ini hugeuza mafuta kuwa ketoni na hizo ndizo zinazochomwa badala ya sukari. Mlo huu ulianza kama tiba ya kifafa; daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic kule Marekani aliupa jina mwaka 1921. Kupunguza unene kulikuja baadaye sana.

Wiki ya kwanza nilipungua kilo 4, nikalia kwa furaha. Nyingi zilikuwa maji. Wanga unaohifadhiwa kwenye ini na misuli hukaa pamoja na maji, gramu 1 kwa gramu 3 hivi, ukiuchoma maji yanaondoka nao. Chumvi nayo inatoka kwa mkojo. Kwa joto letu la pwani, kichwa kiliniuma siku 5 mfululizo, mpaka nilipoanza kunywa mchuzi wa samaki chukuchuku wenye chumvi.

Kosa langu kubwa lilitokea siku ya tisa. Nilikuwa feri, Mtwara mjini, nachagua samaki aina ya changu. Mikono ikaanza kutetemeka, jasho la baridi likanitoka mgongoni, na yule mama muuza samaki nikamwona kama yuko nyuma ya pazia. "Mwalimu, kaa hapa kwenye ndoo," akaniambia huku amenishika bega, akamtuma kijana mbio akalete soda. Mashine ya kupimia sukari ilikuwa kwenye mkoba. Ikasoma 3.1, na chini ya 4 tayari ni hatari. Nilikuwa nikiendelea kumeza vidonge vinavyoisukuma kongosho itoe insulini, dozi ileile ya siku za sahani nzima ya wali. Daktari sikumwambia kitu, niliogopa atanikataza. Nilipomwendea hakunikataza, alipunguza dozi na kunipangia siku za kupima.

Kwa hiyo kama unatumia dawa za kisukari au presha, anzia kwa daktari wako. Wanaochoma insulini wawe waangalifu zaidi. Zipo pia dawa zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, kama dapagliflozini na empagliflozini. Zikikutana na keto, damu inaweza kujaa asidi hata kama sukari haijapanda sana, na hiyo ni dharura ya hospitali. Mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu kwa kusikia kwa jirani.

Mwezi wa nne nikakwama. Kilo haziteremki, na nilikuwa nahesabu kila kijiko. Ilikuwa Oktoba, msimu wa korosho, na korosho kwetu ziko kila kibaraza. Nilikuwa nazitafuna tangu asubuhi nikiamini ni mafuta matupu. Gramu 100 za korosho zina wanga unaokaribia gramu 30! Viganja vitatu vya mchana vilikuwa vimemaliza wanga wa siku nzima. Dafu nalo lina sukari yake, ingawa si nyingi.

Mwaka wa pili ndio ulionifundisha zaidi. Sukari nzuri, nguo zinanipwaya, kila mtu ananisifu. Nikapima lehemu, yaani kolesteroli, mafuta ya kwenye damu, na ile mbaya, LDL, ilikuwa imepanda kutoka 3.1 hadi 5.0. Nilikuwa nakaanga kila kitu kwa mafuta ya nazi, nakula nyama yenye mafuta, na tui zito kila siku. Si kila mtu lehemu humpanda hivyo, ila hutajua kwa kujitazama kwenye kioo. Nikarudi kwenye samaki na dagaa, tui jepesi, maharage kidogo, mlenda na matembele kwa wingi. Hata choo, kilichokuwa kigumu kwa mwaka mzima, kikafunguka. Baada ya miezi 6 LDL ilikuwa 3.4.

Kufikia hapo sikuwa tena kwenye keto kamili, na kilo 4 zilirudi. Niliumia, sifichi. Kilichonipa moyo ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliotolewa 2018: watu 609, nusu wakapunguza wanga, nusu wakapunguza mafuta. Baada ya mwaka, kundi la wanga kidogo lilikuwa limepungua kilo 6.0 kwa wastani, lile jingine 5.3. Ndani ya kila kundi wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka. Tangu hapo nikaacha kutafuta mlo ulio mkali kuliko wote, nikatafuta ninaoweza kuula nikiwa na miaka 60.

Na kwetu mlo hauliwi peke yako. Ramadhani ya kwanza baada ya kuanza, nilikaa pembeni ya sinia na mayai yangu mawili. Mama akaniangalia, akasema, "Mwanangu, muhogo wa shamba langu umekukosea nini?" Hakuongea tena mpaka tarawehe. Kwa miaka 2 niliukwepa ule mkeka, na hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha nilichopoteza.

Sasa nakaa mkekani. Naanza na samaki na kisamvu, nakula taratibu, halafu mama ananikatia kipande kimoja cha muhogo wa nazi, urefu wa kidole. Futari ya mwisho nilipima baada ya saa mbili: 7.8. Nikamwonyesha mashine, akavaa miwani yake, akaisoma mara mbili, kisha akaniuliza kama kipande kingine kingeniharibia.