Kabla hujatangaza shimo jeusi kwenye galaksi kibete

Ukianza kazi hii ya kutafuta mashimo meusi kwenye galaksi ndogo, zituhumu nyota kwanza: nyingi huiga dalili za shimo. Galaksi vibete tunazozungumzia ni zile ambazo nyota zake zote hazizidi takriban mara bilioni 3 ya tungamo la Jua, kama Wingu Kubwa la Magellan. Shimo lake ni dogo pia: la RGG 118, lililotangazwa 2015, lilikadiriwa kuwa na tungamo la Jua 50,000 tu. Mwanga wa gesi inayoangukia shimo la namna hiyo humezwa upesi na nyota changa.

Kazi kubwa iko kwenye wigo, yaani mwanga uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi, na hasa kwenye mstari angavu wa haidrojeni-alfa, nanomita 656.3. Usiuguse kabla hujaondoa mwanga wa nyota kwenye wigo, maana nazo hufyonza mwanga papo hapo na kuupotosha. Kisha anza na mistari miwili ya salfa, 671.6 na 673.1. Iko mbali kidogo na haidrojeni, kwa hiyo umbo lake ndilo kiolezo kizuri cha mistari myembamba. Lihamishie kwenye naitrojeni, ukiufunga uwiano wa 658.3 kwa 654.8 kuwa karibu 3 kwa 1, halafu kwenye sehemu nyembamba ya haidrojeni yenyewe. Ikibaki sehemu pana chini yake, huenda ni gesi inayozunguka shimo kwa kasi, lakini usiikubali kirahisi: kigezo kilichozoeleka ni kai-mraba (kipimo cha tofauti kati ya modeli na data) ishuke kwa asilimia 20 na upana uzidi kilomita 500 kwa sekunde. Kosa linalojirudia ni kutumia gausi moja (mchirizi wa umbo la kengele) kwa mistari yenye mkia. Mkia ule ndio baadaye huitwa shimo jeusi.

Hata ikipita hapo, supanova hutoa mstari mpana vilevile. Piga wigo wa pili baada ya miaka kadhaa: wa supanova hufifia. Kwa galaksi inayozaa nyota kwa kasi, mimi nisingesoma makala isiyo na wigo huo wa pili.

Mchoro unaopanga galaksi kwa nguvu ya mistari ya oksijeni na ya naitrojeni dhidi ya ile ya haidrojeni, ili kutenganisha nyota na mashimo, una mtego wake. Galaksi ndogo ina metali chache (elementi nzito kuliko heli), naitrojeni inadhoofika, na shimo linalokula gesi linaangukia upande wa nyota. Likikosekana kwenye mchoro, usiseme halipo.

Kwenye eksirei, nyota pacha, ambamo mabaki ya nyota hula gesi ya mwenzake, huweza kufika wati 10³² au zaidi. Kokotoa mchango wake kutokana na kasi ya uzazi wa nyota kabla hujafurahia nukta moja angavu. Kwenye infraredi, vumbi lililopashwa na nyota changa huiga rangi zilezile. Wala usilazimishe chanzo kikae katikati: redio imeonyesha vingine vikiwa pembeni.

Kupima kwa mwendo wa nyota kunahitaji ukaribu. Shimo la tungamo la Jua 100,000, palipo na mtawanyiko wa kasi za nyota wa kilomita 30 kwa sekunde, linatawala mwendo wa nyota hadi nusu parseki tu (parseki moja ni miaka ya mwanga 3.26). Kwa umbali wa megaparseki 4 hiyo ni sekunde ya pembe 0.025, ndogo kuliko kile darubini ya Hubble inaweza kutenganisha. Galaksi ya M33 iko karibu zaidi, na hata hapo kilichopatikana ni kikomo cha juu cha tungamo la Jua elfu chache. Kikomo kama hicho kiandike na kichapishe.