Maswali ya Wasomaji: Creon, Oedipus na Ukuta wa Mbao

SWALI: Darasani tumeambiwa kwamba katika Antigone, tamthilia ya Mgiriki wa kale Sophocles, Creon anasimama upande wa akili na Antigone upande wa imani. Mbona nikiisoma tamthilia yenyewe mambo hayakai hivyo?

JIBU: Umesoma vizuri. Creon, mfalme wa Thebes, amekataza Polynices asizikwe, na Antigone, dada wa marehemu, anafungiwa pangoni kwa kumzika. Lakini Creon huyo anaapa kwa Zeus, mkuu wa miungu, tena anashikilia kwamba miungu haiwezi kumjali Polynices, mtu aliyekuja kuyachoma mahekalu yao. Huyo si kafiri. Mwamba ngoma huvutia kwake, naye anawavutia miungu upande wa serikali yake. Utetezi mkubwa wa akili unatoka kwa Haemon, mwanawe na mchumba wa Antigone, anayesema kuwa akili ndiyo mali bora kuliko zote ambazo miungu imempandia binadamu. Kwa kauli hiyo, anayekataa shauri jema anaidharau zawadi ya miungu, na lawama hiyo inamwangukia mfalme anayejiona mwenye akili peke yake.

Kosa la Creon pia lina mipaka inayopimika. Sheria ya Athens ilikataza msaliti kuzikwa katika Attica, eneo la dola ya Athens, lakini haikuzuia jamaa kumzika nje ya mipaka. Creon anapita hapo: maiti isizikwe popote, iliwe na mbwa na ndege. Ndipo mwaguzi Tiresias anapoleta habari kwamba dhabihu hazishiki moto, kwa sababu ndege na mbwa wamezijaza madhabahu mabaki ya maiti ile.

Hapa wasomaji wengi hupita haraka, na si vyema. Creon anapokubali kushindwa, korasi, yaani kundi la wazee wa mji linaloimba jukwaani, inampa mpangilio: kwanza mtoe msichana pangoni, kisha mjengee marehemu kaburi. Yeye anaugeuza. Anakwenda kwanza kuuosha mwili, kuuchoma kwa matawi mabichi na kuinua tuta la udongo. Anapofika pangoni Antigone ameshajinyonga. Ametubu, lakini hata katika kutubu kwake hakufuata aliloshauriwa.

SWALI: Katika tamthilia nyingine ya Sophocles, Mfalme Oedipus wa Thebes alitumia akili kupeleleza, mwisho akaangamia. Je, Sophocles anatuonya tusiulize maswali?

JIBU: Hapana, kwa sababu upelelezi wenyewe uliagizwa na mungu Apollo. Kauli iliyotoka Delphi, hekalu lake la ubashiri, ilisema tauni haitaondoka Thebes mpaka aliyemuua Mfalme Laius apatikane na aadhibiwe. Kupeleleza ndiko kumtii mungu.

Mtazame Jocasta, mjane wa Laius aliyeolewa na Oedipus. Anataka kumtuliza mumewe kwamba ubashiri si kitu, na anatoa ushahidi: Laius alibashiriwa kuuawa na mwanawe, kumbe aliuawa na majambazi penye njia panda, zinapokutana barabara tatu. Maneno hayo ya njia panda ndiyo yanayomshtua Oedipus, maana yeye aliwahi kumuua mzee mahali kama hapo, na mzee huyo ndiye Laius, baba yake asiyemjua. Hoja ya kuubomoa ubashiri inageuka kuwa ushahidi wa kuuthibitisha. Sijui mshairi mwingine aliyefunga fundo hilo kwa mistari michache namna hiyo.

Kinachomponza Oedipus, kwa maoni yetu, ni swali aliloliacha. Akiwa kijana alikwenda Delphi kuuliza wazazi wake ni nani. Apollo hakulijibu hilo. Alimwambia atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Oedipus akakimbia asirudi Corinth, mji alikolelewa, huku akiwachukulia waliomlea huko kuwa wazazi wake, ilhali shaka hiyohiyo ndiyo iliyompeleka hekaluni.

SWALI: Athens ilijitawala kwa kura na mijadala. Dini ilipata nafasi gani katika siasa yake?

JIBU: Ilikuwamo tangu mwanzo wa kikao. Kabla ya baraza la raia kuanza, uwanja ulitakaswa kwa dhabihu ya nguruwe wachanga, kisha mpiga mbiu akawalaani watakaouhadaa umma. Ila dini hiyo haikuwa na kitabu kitakatifu wala kanuni moja ya imani, kwa hiyo maana ya kauli ya mungu iliweza kubishaniwa hadharani.

Mfano ulio wazi kabisa ni wa mwaka 480 KK, Waajemi walipokuwa wakija. Delphi ilisema “ukuta wa mbao” pekee ndio utakaosalimika, na ikaitaja “Salamis takatifu”, kisiwa kilicho karibu na Athens, itakayoangamiza wana wa wanawake. Baadhi ya wazee walidai ukuta huo ni boma la miiba lililowahi kuizunguka Acropolis, kilima chenye ngome na mahekalu ya Athens. Wafasiri wa ubashiri walikubali kuwa ni merikebu, lakini wakaonya watu wasipigane baharini. Themistocles, kiongozi wa Athens, akayachambua maneno: kama wanaokufa ni Waathene, mungu angesema Salamis katili, si takatifu. Raia wakamfuata yeye wakawaacha wafasiri, na vita vya Salamis wakavishinda. Wachache waliojifungia Acropolis nyuma ya mbao waliuawa.

Linganisha na Sicily, mwaka 413 KK. Jeshi la Athens, lililokuwa limeuzingira mji wa Syracuse bila kuutwaa, lilikuwa tayari kuondoka, mwezi ukapatwa. Wanajeshi wengi waliogopa, na jemadari Nicias akasema hatajadili hata suala la kuondoka kabla ya kupita siku tisa mara tatu, kama waaguzi walivyoagiza. Jeshi likanaswa, na mwanahistoria Thucydides anataja mateka wasiopungua 7,000. Kauli ya waaguzi ilikuwepo katika mikasa yote miwili, ila katika wa pili mjadala ulifungwa.

SWALI: Basi mbona mwanafalsafa Socrates aliuawa na Athens, kama kuhoji kuliruhusiwa?

JIBU: Mashtaka ya mwaka 399 KK yalikuwa kutoitambua miungu inayotambuliwa na mji, kuingiza mambo mapya ya kiungu, na kuharibu vijana. Kwa Kigiriki neno “kutambua” hapo linabeba kuamini na pia kushika ada, ndiyo maana ni vigumu kusema alishtakiwa kwa mawazo au kwa matendo. Utetezi wake, kama mwanafunzi wake Plato alivyouandika, una jambo la ajabu: Delphi ilisema hakuna mwenye hekima kumzidi Socrates, naye akaanza kuwahoji watu wa mji ili ampate mmoja anayemzidi, aipinge kauli hiyo. Kuhoji huko alikuita kumtumikia mungu.